Mama wa Programu Tatu

Kwii. Kimya. Kwii tena.

Bilonda alifumbua macho gizani, asione kitu, akasikiliza. Ilikuwa sauti ndogo ya kitu kinachokataa kidogo, kisha kinakubali. Alidhani ni panya kwenye kapu la unga. Halafu kitanda kikatikisika chini yake, akaelewa. Mume wake, Ntambwe, alikuwa amepiga magoti sakafuni anafungua skrubu za kitanda, na yeye na binti yao Darlène bado wamekilalia.

"Ntambwe, we! Unafungua kitanda na bantu beko yulu?"

"Lala tu. Nafungua ya ku miguu. Ya ku kichwa, mpaka kukicha."

"Na tukianguka?"

"Mutaanguka pa mukeka. Si mbali."

Bilonda akajikuta anacheka, mdomo kwenye nywele za mtoto ili asimwamshe. Ulikuwa muda mrefu tangu acheke. Kicheko kilipokwisha, chumba kikarudi vile kilivyokuwa: kuta tupu, misumari isiyo na picha, na katikati ya kuta hizo kitanda kinachoachana mguu kwa mguu.

Mwaka ule wa tisini na tatu, Kolwezi ilikuwa kama mtu anayevuliwa nguo akiwa usingizini. Mashine za migodi zilinyamaza moja baada ya nyingine, hata usiku watu waliamka kwa sababu ya ukimya. Mishahara ilikauka. Kisha yakaja maneno: watu wa Kasai warudi kwao. Bilonda aliyasikia kwanza sokoni, halafu redioni, halafu mlangoni pake. Kwao wapi? Babu yake aliletwa kutoka Kasai na kampuni ya migodi akiwa kijana, kuja kuchimba shaba. Baba yake alizaliwa kambini. Yeye mwenyewe alizaliwa katika maternité ya kambi hiyohiyo, na Darlène akazaliwa kitanda cha jirani na kile, kwa mkono wa mkunga yuleyule. Kasai aliijua kwa nyimbo za msibani na kwa jina lake mwenyewe. Lakini sasa treni ilikuwa inangojewa, na kila aliyeambiwa aende alikuwa anafunga alichoweza kufunga.

Ntambwe alichagua kitanda. Bilonda naye alikuwa na kitu kimoja tu alichotaka kubeba, na hakikuwa ndani ya nyumba.

Kilikuwa ofisini, ndani ya kompyuta ya ushirika wa Kitulizo, uliokuwa unasimamia zahanati, kantini na shule ya mtaa wao. Bilonda alikuwa mwandishi wa programu pale. Kazi hiyo aliisoma jioni, katika ukumbi wa parokia, kwa mwalimu anayeitwa Mama Odile, mwanamke wa Katanga ya kaskazini mwenye sauti nzito na kicheko chepesi. Darlène alijifunza kutembea katikati ya miguu ya madawati ya darasa lile, akishika sketi ya huyu na suruali ya yule.

Zamani ushirika ulikuwa na programu tatu. Ya zahanati ilihesabu dawa, ya kantini ilihesabu unga na mafuta, ya shule ilihesabu madaftari. Ya kwanza iliandikwa na mtu. Mbili zilikuwa nakala zake, zimechokonolewa hapa na pale. Basi mwaka uliotangulia, mwezi wa pili ukawa na siku ishirini na tisa. Programu ya zahanati ikagoma: siku hiyo haikuijua. Bilonda akaitengeneza. Hajamaliza chai yake, kantini wakaita; yao imegoma pia. Halafu shule. Kosa moja, na yeye anakimbia nalo mtaa mzima kama mtu anayefukuza kuku mmoja katika nyua tatu.

Jioni ile aliuliza darasani: "Mama Odile, juu ya nini mi nafundisha kila mutoto kunawa mikono peke yake, na bote beko ba nyumba moya?"

"Sasa batoto hawa hawana mama?"

Bilonda aliondoka na swali hilo, akaishi nalo miezi. Alikusanya yote ambayo programu zile zilifanana kwayo: kujua tarehe, kujumlisha, kutafuta jina, kuandika kwenye karatasi. Akayatoa kwa watoto, akayaweka mahali pamoja. Kila mtoto akabaki na tabia zake tu. Huyu na vidonge vyake, yule na magunia yake. Na jambo alilolipenda kuliko yote ni hili: mtoto hakumtuma mama. Mama ndiye aliyeita. Mama alisema, haya, nionyeshe ulicho nacho, haya, hesabu, haya, sema, na mtoto akaitika mahali palipoachwa wazi kwa ajili yake. Ukitaka mtoto mpya, huanzi tena kuchimba msingi. Unajaza pale palipoachwa wazi, na mama anamchukua kama amemzaa yeye.

Kwenye kompyuta aliipa jina hilohilo: MAMA.

Masista wa hospitali moja ya Mwene-Ditu, huko Kasai, walikuwa wamepata habari kwa njia ya Mama Odile. Walituma ujumbe: wana kompyuta, wana dawa zinazopotea bila kujulikana zinakwenda wapi, na wana chumba cha mfanyakazi nyuma ya hospitali. Mwanamke huyo akija na programu yake inayofanya kazi, kazi ipo. Akija mikono mitupu, masista watamwombea, basi.

Sasa disketi zilikuwa adimu kuliko sukari. Ile aliyoweka nakala ya akiba Bilonda aliifuta mwenyewe ili shule ipate yake, akasema moyoni, Jumatatu nitaweka nyingine. Jumatatu mlinzi wa lango la ofisi alitazama viatu vyake mwenyewe akasema, "Mama, unisamehe. Jina yako haiko tena."

Ndipo Laurentine, mpiga chapa wa ofisi, rafiki yake, alipoahidi. Atainakili programu yake kwenye disketi, ataileta stesheni, ataificha ndani ya mkate kama ni lazima.

*

Stesheni ilikuwa mji mwingine uliomea juu ya mji. Kando ya reli, kila familia ilijenga nyumba ileile: mzigo mkubwa ndio ukuta wa upepo, kikwembe ndicho mlango, jiko la mbabula pembeni na makaa yake, mkeka katikati. Kisha kila moja iliongeza chake. Hapa palikuwa na redio isiyo na betri, pale picha ya harusi imeegemezwa kwenye sufuria, kule bata amefungwa mguu na ana hasira. Bilonda, ameketi na Darlène mapajani, alitembeza macho juu ya vyumba vile visivyo na kuta, na moshi wa asubuhi ukavifuta na kuvirudisha, ukavifuta na kuvirudisha. Ilionekana kama mtu fulani ameota nyumba moja, na ndoto yake imevuja na kuenea mpaka mwisho wa reli.

"Baba, treni yenu iko wapi?" kijana mmoja akawapigia kelele toka barabarani, na wenzake wakacheka.

"Inakuya, mwanangu," Ntambwe akajibu. "Ikiharibika njiani, tutakuita utusukume. Naona uko na nguvu na hauna kazi."

Safari hii waliocheka walikuwa wa upande wa mikeka. Kijana akatema mate, akaenda zake.

Laurentine alifika jua limepanda. Hakuwa na mkate. Alisimama mbele ya mkeka, ameshika mikono yake miwili kifuani.

"Bilonda, usinipige."

"Nikupige juu ya nini?"

"Nimeua mama."

Mwanamke wa mkeka wa jirani, mmoja anayeitwa Tshiela, aliyekuwa anachambua sombe, aliachia majani. "Yoo! Mama wa nani amekufa?" Na bila kungoja jibu, akafungua koo lake kama wanavyofanya msibani. Wa mkeka wa tatu akampokea. Kilio kikaanza kutambaa kando ya reli, kutoka mlango wa kikwembe mmoja hadi mwingine, na wanaume wakavua kofia.

"Apana! Mungojee!" Laurentine alipiga kelele. "Si muntu! Ni mama ya ku machine!"

"Machine gani imemwua?" akauliza Tshiela, akizidi kulia.

Ilichukua muda kuwanyamazisha. Ndipo Laurentine akaeleza, akimeza nusu ya maneno. Shefu wao, Tata Omer, alikuwa amepita mezani kwake na kusema, "Mama amekwenda. Futa bitu yote ya mama ku machine, nafasi haiko." Laurentine anajua kupiga barua, ndani ya kompyuta hajui kusoma zaidi ya majina yaliyoandikwa mlangoni. Alitafuta bitu ya mama. Akaona pameandikwa MAMA.

"Machine ikaniuliza kama niko hakika. Nikajibu ndiyo. Ikaniuliza mara ya pili, Bilonda, mara ya pili! Nikasema na yenyewe, unanibishia? Shefu ameishasema. Kumbe yeye alitaka nifute barua zako tu, na ile MAMA njo programu yako."

Bilonda akainamisha uso. Kolwezi yote kila mwanamke ni mama: muuza mikate ni mama, mke wa shefu ni mama, hata mtoto wa kike akipendwa anaitwa mama. Ni yeye mwenyewe aliyechagua jina hilo, usiku mmoja, kwa mapenzi tu. Angeiita MSINGI ingekuwa hai. Aliona chumba kile cha nyuma ya hospitali, ambacho alikuwa amekwisha kukipamba kichwani, pazia lake, meza ya Darlène ya kuandikia; kikaanza kujifungua skrubu moja moja na kuanguka bila sauti.

"Sasa mi nifanye nini?" akasema Laurentine, machozi yamemfika kidevuni. "Unitukane basi. Kunyamaza hivi njo mubaya zaidi."

Tshiela alikuwa bado hajaelewa machine ni nini, lakini msiba aliujua, na katika msiba kuna swali linaloulizwa kabla ya jingine lolote. Akajifuta macho kwa pindo la kikwembe, akauliza, kwa upole:

"Na batoto, ameachia nani?"

"Mumoja eko ku zahanati," Bilonda akajibu, sauti iko mbali. "Mumoja ku kantini. Mwingine ku..."

Akainua uso.

Kompyuta za vituo vile hazikuunganishwa na ya ofisi. Kila mtoto alipopelekwa kituoni kwake, Bilonda alimfungashia kipande cha mama alichokihitaji, kama unavyomfungia mtoto anayekwenda kulala kwa shangazi. Mtoto wa zahanati alibeba tarehe na kutafuta majina. Wa kantini alibeba tarehe na kujumlisha. Wa shule alibeba kujumlisha na kutafuta majina. Na wote watatu, lazima, walibeba kuandika kwenye karatasi na ile sauti inayoita. Hakuna mmoja aliyekuwa na mama mzima. Lakini wakiwekwa pamoja?

"Laurentine. Batoto beko wazima?"

"Batoto gani tena?"

"Disketi ya zahanati, ya kantini, na ya shule. Uniletee zote tatu ku parokia, kwa Mama Odile. Mangaribi utazirudisha."

"Nitabaambia nini?"

"Sema kuna homa ya machine, munataka kuzipima."

"Ku zahanati? Bale batanipa kinini, banichome na shindano!" Lakini alikuwa amekwisha kugeuka, kandambili zake zinapiga mbio. Ntambwe alimtazama mke wake, akatazama reli iliyo tupu mpaka upeo wa macho.

"Nenda na Darlène, na kapu ya unga," akasema. "Treni ikilia, parokia si mbali. Mi nabaki na kitanda."

*

Ukumbi wa parokia ulinuka chaki na nguo zenye unyevu. Familia nyingine zilikuwa zimelala humo, mizigo imepangwa chini ya ubao, lakini pembeni Mama Odile aliilinda kompyuta yake ya kufundishia kama kuku aliyeatamia. Umeme wa bwawa la Nzilo ulikuja na kuondoka siku hizo bila kuaga. Leo ulikuwepo. Kioo kiliwaka kijani ndani ya kivuli cha ukumbi, kama dirisha la nyumba iliyo chini ya maji.

Laurentine alileta disketi zote, na kweli, ya zahanati ilikuwa imefungwa pamoja na vidonge.

"Nilikuambia," akasema, akaketi sakafuni na Darlène, akaanza kumsuka nywele.

Bilonda aliwafungua watoto wale mmoja mmoja, akawa anawasoma kwa sauti ya chini, Mama Odile akiandika pembeni kwa chaki. Kanuni yao ilikuwa rahisi. Ukikutana na batoto njiani na hujui mama yao, unatafuta nini? Unatafuta kinachofanana. Pale watatu, au hata wawili, walipokuwa sawa, hapo alikuwepo mama. Pale kila mmoja alipokuwa na yake, hiyo ilikuwa tabia ya mtoto, waliiacha.

Alipata tarehe. Alipata kujumlisha. Aliipata ile sauti inayoita, imevaa nguo tofauti katika kila mtoto, lakini alipoivua nguo ilikuwa ileile, na akaitambua kabla hajamaliza mstari, kama unavyotambua hatua ya mtu wako barazani.

"Hapa babili banafanana, mumoja anakataa," akasema Mama Odile akigonga ubao. "Nani ameacha desturi ya mama? Ule mumoja, ao bale babili?"

"Ule mumoja njo mwenye haki. Zahanati inaandika tarehe ya kuharibika dawa mbele ya jina. Niliona ni uzuri, nikataka kuipeleka kwa mama, sikupata muda."

"Basi leo ni muda."

Bilonda akaipeleka kwa mama. Kumbe hakuwa anamfufua tu. Alikuwa anamzaa upya, na safari hii anajua anachozaa. Saa zilikwenda, hakuzisikia. Vidole vyake viliandika, na ilikuwa kama ananyanyuka polepole juu ya mji. Chini yake aliona zahanati na foleni yake, kantini na mizani yake, shule na madirisha yake ya bluu, na kati yao nyuzi nyembamba za mwanga zinakusanyika mkononi mwake zikiwa kamba moja. Hakuogopa. Hakukuwa na mtu wa kumfukuza huko juu.

Ndipo akafika kwenye mstari ambao hakuutazamia.

Ulikuwepo kwa mtoto wa zahanati. Ulikuwepo kwa wa kantini. Kwa wa shule pia, herufi kwa herufi. Ulikuwa mstari wa kichwa, unaoandikwa juu ya kila karatasi kabla ya kitu kingine chochote. Ulisema: KOLWEZI.

"Iko kwa bote batatu," akasema Mama Odile kutoka ubaoni, chaki imeinuliwa. "Basi ni ya mama. Niandike?"

Bilonda aliutazama mstari ule. Hakukumbuka hata siku aliyouandika. Aliuandika bila kufikiri, kama mtu anavyopumua, kwa maana mahali pengine papi pangekuwepo? Hapo ndipo dunia ilipokuwa. Kanuni ilisema kinachofanana kwa wote ni cha mama, na kanuni haikuwa imekosea mchana kutwa. Lakini batoto hawa walifanana hapo kwa sababu moja tu: wote walilelewa mtaa mmoja.

"Apana," akasema hatimaye. "Hii si ya mama. Ni mahali tu tulikuwa tunakaa."

Mama Odile alishusha chaki. Yeye ni wa Katanga. Hakuna aliyemwambia aende popote. Alitazama mizigo ya watu iliyopangwa chini ya ubao wake.

"Utaitosha, uifute?"

"Nitaitosha."

"Na utaandika nini pale? Mwene-Ditu?"

Bilonda aliweka kidole juu ya kibonye cha kufuta. I ikaondoka. Z ikaondoka. Laurentine alikuwa ameacha kusuka, amesimama nyuma ya kiti, mkono wake uko begani mwa rafiki yake. E ikaondoka, na W, na L. Ilichukua muda mdogo kuliko kufungua skrubu moja. Palipokuwa na jina pakabaki kijani kitupu, na kale kamstari kadogo kanakopepesa, kanangoja.

"Mwene-Ditu apana," akasema. Alijipangusa pua kwa nyuma ya mkono. "Hata pale sijui kama batatuacha tukae. Nitaacha wazi. Mwenye kuifungua, yeye njo atasema."

Akaandika tena mistari michache, ya kumfundisha mama la kufanya akikuta pale pako wazi. Akamhifadhi kwenye disketi ambayo Mama Odile alikuwa ameifuta masomo ya muhula mzima ili impokee. Akaiacha disketi ndani ya mdomo wa mashine, akaizima mashine ili aiwashe upya. Kama mama yu hai, aamke peke yake humo, bila mtoto hata mmoja wa kumshika mkono, katika nyumba isiyomjua. Kama hataamka, basi alichokuwa nacho ni vipande vilivyoshonwa vibaya, na masista wataomba.

Akabonyeza kibonye cha kuwasha. Hakuna kitu.

Akabonyeza tena. Taa ya ukumbi nayo ilikuwa imekufa. Hawakuona kwa sababu ya mwanga wa alasiri. Nzilo ilikuwa imeondoka.

"Itarudi," akasema Mama Odile.

"Wakati gani?"

"Bilonda, weye ulizaliwa hapa. Unaniuliza mi?"

Wakangoja. Laurentine alimaliza kichwa cha Darlène, akakusanya disketi za watoto, akazifunga kitambaani pamoja na vidonge vyake. Jioni ilikuwa imekaribia, na vituo vilizihitaji. Lakini hakuondoka. Alisimama mlangoni, mara atazame njia, mara atazame kioo cheusi.

Na hapo treni ikalia.

Ililia mbali, upande wa Tenke, sauti ndefu na nyembamba kama mtu anayeita jina asilolikumbuka vizuri. Ukumbi mzima ukaamka. Watu wakanyanyua mizigo, mtu akakanyaga sufuria, mtoto akaanza kulia. Kupitia mlangoni Bilonda alimwona Ntambwe anakuja mbio, shati wazi.

"Inafika! Kitanda kiko pa mbele, Tshiela anakilalia basikichukue. Mukuye!"

"Ngojea kidogo."

"Kungojea nini? Mama Bilonda, ile treni haijui kungoja!"

"Sijui kama eko muzima, Ntambwe. Sijamuona akiamuka."

Ntambwe alitazama mashine nyeusi, akatazama mke wake. Akachukua kapu la unga, akalitia begani.

"Basi toa ile disketi, tutamubeba hivi hivi. Bagonjwa nabo banapanda treni."

Laurentine alicheka na kulia kwa pamoja. Mama Odile alimshika Bilonda, akamkumbatia, na kwa kitambo kile hakukuwa na reli wala ukumbi, kulikuwa na harufu ya chaki na jasho, na moyo wa mwanamke mnene unaopiga polepole, kama mlango unaogongwa na mtu asiye na haraka. Wakasimama hivyo, macho wamefumba. Laurentine akaja akawakumbatia wote wawili. Hawakuona taa ya ukumbi ikitetemeka juu ya vichwa vyao. Hawakuisikia mashine ikikohoa, wala disketi ikianza kuzunguka.

Darlène aliiona. Alikuwa amepanda kiti cha mama yake, nywele mpya zimesimama kama taji, na shule ilikuwa imemfundisha kusoma kabla haijamfukuza. Aliweka kidole chini ya maneno ya kijani, akayafuata moja moja, midomo ikijaribu kwanza bila sauti.

Kisha akasema kwa nguvu, ili wasikie wote:

"Mama, inauliza tuko wapi."